Filippo Inzaghi: mabao 70 ya Ulaya na kesi ya kuotea isiyoisha

Dakika ya 78 ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mjini Athens, tarehe 23 Mei 2007, Rafael Benítez alimtoa Javier Mascherano akamwingiza Peter Crouch. Liverpool walikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya AC Milan, na mabadiliko hayo yalieleweka: punguza kiungo mkabaji, ongeza mrefu wa kupigiwa krosi. Shida ni kwamba Mascherano ndiye aliyekuwa amemganda Kaká tangu filimbi ya kwanza. Dakika nne baadaye Kaká akaupata mpira katikati bila mtu wa kumsogelea, akainua uso, na mbele yake mzee wa miaka 33 alikuwa ameshaanza kukata mbio kwenye mstari wa mabeki. Pasi ikapita. Filippo Inzaghi akamzunguka kipa Pepe Reina, pembe ikabaki finyu, akausindikiza mpira chini chini hadi wavuni. Mbili bila. Dirk Kuyt alirudisha moja dakika ya 89, halikutosha.

Bao lake la kwanza, la dakika ya 45, lilikuwa la aina nyingine kabisa. Andrea Pirlo alipiga mpira wa adhabu, Inzaghi akakatiza mbele, mpira ukamgonga sehemu za bega na mkono wa juu ukabadili njia, na Reina alikuwa ameshaelekea upande mwingine. Huyu ni mchezaji aliyekuwa amefunga mabao mawili tu katika mechi 20 za Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu ule. Alberto Gilardino, kijana kuliko yeye na mwenye mabao mengi zaidi ya ligi, alianzia benchi.

Mabao hayo mawili ya Athens yanabeba kesi nzima. La kwanza ni ushahidi wa wanaosema alikuwa mtu wa bahati na magoli ya kuokota. La pili ni ushahidi wa wanaosema alikuwa fundi wa kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeijua kama yeye. Pande zote mbili zina hoja, na pande zote mbili hutia chumvi.

Kwa upande wa mashtaka kuna kauli maarufu zinazonukuliwa kila akitajwa. Ya Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa Manchester United, kwamba jamaa huyu alizaliwa akiwa ameotea, yaani yuko mbele ya mlinzi wa pili kutoka mwisho wakati pasi inapigwa. Ya Johan Cruyff, kwamba mpira hajui, ila kila mara yuko mahali panapotakiwa. Kauli ya Cruyff hurudiwa kama tusi, lakini isome tena polepole: nusu yake ya pili ni sifa kubwa kuliko wanayopewa wapiga chenga wengi. Upande wa utetezi wana yao, ya Emiliano Mondonico aliyemfundisha Atalanta, kwamba si Inzaghi anayependa bao, bao ndilo linalompenda Inzaghi. Hii nayo ni tamu masikioni, ila inampokonya kazi yake na kuigeuza nyota ya kuzaliwa.

Kumbukumbu zenyewe zinasemaje? Alizaliwa Piacenza tarehe 9 Agosti 1973. Akiwa kijana alipelekwa kwa mkopo Leffe, daraja la tatu, akafunga mabao 13. Kisha Verona, daraja la pili, mengine 13. Akarudi nyumbani msimu wa 1994–95 akafunga 15 na Piacenza wakatwaa ubingwa wa Serie B. Parma wakamchukua, hakuwaka: mabao 2 katika mechi 15 za ligi. Mwaka uliofuata Atalanta, mabao 24 katika mechi 33, kinara wa Serie A. Juventus kuanzia 1997 hadi 2001, mabao 57 ya ligi. Milan kuanzia 2001 hadi 2012, mabao 73 ya ligi. Jumla Serie A 156, mashindano ya klabu Ulaya 70, timu ya taifa 25 katika mechi 57. Makombe: ubingwa wa Italia mara tatu (1998, 2004, 2011), Ligi ya Mabingwa 2003 na 2007, Kombe la Dunia 2006.

Bahati ina kawaida ya kuchoka njiani. Ukishafika 70, hoja ya bahati peke yake haisimami.

Kazi yenyewe ilifanywaje

Ili kumhukumu lazima uelewe alichokuwa akifanya pale ambapo kamera haikumwangalia, yaani sekunde mbili au tatu kabla ya pasi. Na hapo lazima uanze na sheria, kwa sababu yeye alicheza ndani ya sheria ya kuotea kama fundi cherehani anavyocheza kwenye mstari wa chaki.

Mambo matatu ya sheria hiyo yalimfaa sana. La kwanza, tangu 1990 mshambuliaji aliye sawasawa na mlinzi wa pili kutoka mwisho hajaotea. Kabla ya hapo alitakiwa awe nyuma yake. La pili, kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo ukiwa hapo. La tatu, ambalo mashabiki wengi hulisahau, ni kwamba mahali pa mchezaji hupimwa upya kila mwenzake anapogusa mpira. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameotea mita mbili wakati Gattuso anampasia Pirlo, asihusike, akarudi hatua mbili, na wakati Pirlo anapiga pasi ya kupenyeza akawa sawa kabisa kisheria.

Huo ndio uliokuwa mzunguko wake. Anasimama nyuma ya beki, upande wa kisogo. Beki anayekaba anatakiwa aone vitu viwili, mpira na mtu wake. Mtu akikaa kisogoni, beki hana budi kugeuza shingo, na akigeuza shingo hauoni mpira. Inzaghi alisubiri shingo hiyo irudi mbele. Halafu, badala ya kuchomoka moja kwa moja kuelekea golini, alianza kwa kukimbia sambamba na mstari wa mabeki, kama mtu anayevuka barabara, kisha akapinda. Mbio za kupinda zina faida mbili: zinakununulia nusu sekunde ya kusubiri mpigaji pasi bila kupunguza kasi, na zinakufanya uupokee mpira ukiwa umeshafungua mwili kuelekea goli. Anayekimbia mstari mnyoofu lazima ama asimame kusubiri, ama aotee.

Sasa weka hesabu. Mshambuliaji anakwenda mita 7 kwa sekunde kuelekea golini. Mabeki wanaopanda kumtega aotee wanakwenda kinyume chake, tuseme mita 3 kwa sekunde. Pengo kati yao linabadilika mita 10 kwa sekunde, maana yake ni mita nzima katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mshika kibendera anatakiwa ajue mguu wa Kaká umeugusa mpira lini na, katika mpepeso huohuo wa jicho, mstari wa beki uko wapi, na watu hao wamepishana mita 30 au 40. Akiwa amebaki nyuma ya mstari wa beki hata mita moja, pembe ya macho yake inamdanganya zaidi. Kukosea hapo hakuhitaji uzembe. Ni macho ya binadamu tu. Na maelekezo ya enzi zile yalikuwa kwamba penye shaka mshambuliaji ndiye anayenufaika.

Kwa hiyo Inzaghi alikuwa akinunua tiketi nyingi za bahati nasibu kwa bei ndogo. Kuotea mara nne au tano kwenye mechi kulimgharimu nini? Mpira wa adhabu mita 60 kutoka golini kwake. Mara moja kibendera kikibaki chini, yuko peke yake na kipa. Wanaohesabu vibendera kama ushahidi dhidi yake wanasoma daftari la matumizi bila kufungua la mapato.

Kazi ya pili ilikuwa ndani ya boksi. Krosi ikitoka kulia, washambuliaji wengi hukimbilia mpira. Yeye alikimbilia nafasi ambayo mpira ungefika ukimkosa beki wa kwanza au kipa akiutema. Tazama tarehe 4 Aprili 2006, San Siro, robo fainali dhidi ya Lyon. Mechi ya kwanza iliisha bila bao, na sare ya 1-1 ilikuwa inawapeleka Lyon nusu fainali. Dakika ya 88 Shevchenko wa Milan anapiga shuti, mpira unagonga mwamba, na mtu wa kwanza kuufikia ni Inzaghi, ambaye ndiye aliyekuwa amefunga na lile la kwanza. Shevchenko akaongeza la tatu dakika za nyongeza. Ukilitazama bao lile la dakika ya 88 unasema hata bibi angefunga. Ni kweli, bibi angefunga, kama angekuwa amesimama pale. Mabeki wa Lyon walikuwa wanautazama mwamba.

Mashtaka yenye uzito

Utetezi ukishamaliza hapo, hutaka kesi ifungwe. Haifungwi.

Shtaka zito kuliko yote si kuotea, ni utegemezi. Mbio zote zile hazina maana bila mtu wa kupiga pasi kwa wakati. Mpigaji akiongeza mguso mmoja tu, mkimbiaji ameotea. Akipiga mapema, mpira unamfika kipa. Inzaghi alicheza huku nyuma yake wakiwepo Zidane na Del Piero, baadaye Pirlo, Rui Costa, Seedorf na Kaká. Safu hiyo ingemlisha yeyote. Na yeye mwenyewe hakuweza kuwalipa kwa namna nyingine: si mtu wa kumpigia mpira mrefu akaukalia na kusubiri wenzake wapande, si mtu wa kumpita beki ana kwa ana, si mtu wa shuti la mita 25. Alikuwa na urefu wa mita 1.81 na mwili mwembamba. Timu ikizidiwa na kuhitaji namba tisa wa kushika mpira juu ili ipumue, Inzaghi alikuwa kama hayupo.

Zaidi ya hapo, kuna aina ya mechi ambayo silaha yake haikulia kabisa: mpinzani anaporudi nyuma wote, mstari wa beki unakaa kwenye ukingo wa boksi, na hakuna uwazi wa kukimbilia. Ndivyo timu ndogo za Italia zilivyocheza na Milan. Mabeki wasiopanda hawategi, na usipotegwa huna mtego wa kuuvunja. Hapa ndipo yale mabao mawili ya ligi ya 2006–07 yanapopata maelezo, pamoja na umri na majeraha. Ulaya, ambako wapinzani wakubwa walikuja kucheza, mlango ulikuwa wazi.

Utetezi una jibu moja zuri kwa hili, nalo ni Atalanta. Msimu wa 1996–97 hakukuwa na Kaká pale Bergamo. Timu ilimaliza nafasi ya 10, na kijana wake akafunga mabao 24, mawili zaidi ya Vincenzo Montella wa Sampdoria. Timu ya katikati ya jedwali hushambuliwa, hupata mpira, na mbele yake huwa na uwanja wa kukimbilia. Kwa hiyo pengine sahihi ni kusema alihitaji uwazi kuliko alivyohitaji majina makubwa. Hilo bado ni hitaji, na kocha hawezi kulipuuza.

Shtaka la pili ni uchoyo. Msimu wa 1999–2000, Juventus walipoifunga Venezia 4-0, Inzaghi alifunga matatu wakati Alessandro Del Piero, aliyekuwa bado anatafuta makali yake baada ya jeraha kubwa la goti la Novemba 1998, akisubiri pasi ambazo hazikuja. Italia nzima ilizungumzia uhusiano wa wawili hao. Miaka sita baadaye, Kombe la Dunia, Hamburg, tarehe 22 Juni 2006: Italia wanaongoza 1-0, Jamhuri ya Cheki wamebaki kumi na wote wamepanda kutafuta la kusawazisha. Inzaghi, aliyeingia kipindi cha pili badala ya Gilardino, anachomoka na mpira dakika ya 87. Pembeni yake Simone Barone anakimbia naye bega kwa bega, hakuna mlinzi, goli tupu likimngoja akipewa tu. Inzaghi anamzunguka Petr Čech na kufunga mwenyewe. Picha ya Barone akisubiri mpira usiokuja imekuwa kichekesho mpaka leo.

Je, alikosea? Kwa hesabu ya kawaida ndiyo: wawili kwa kipa mmoja, pasi ya pembeni ndiyo yenye uhakika. Lakini alifunga, na hapo ndipo hoja hii huchosha, kwa sababu uchoyo unaofanikiwa hauna mlalamikaji. La haki zaidi ni kukumbuka tarehe 23 Juni 1998, Italia na Austria, alipoupeleka mpira kwa Roberto Baggio amalizie bao la pili. Alijua kupasia. Hakupenda tu.

La tatu ni timu ya taifa, na hapa mashtaka yanashinda. Mabao 25 katika mechi 57 ni rekodi nzuri. Christian Vieri ana 23 katika mechi 49, Baggio 27 katika 56. Tatizo ni mgawanyo wake. Mengi yalipatikana kwenye mechi za kufuzu: Wales, Septemba 2003 pale San Siro, matatu ndani ya takriban dakika 11, visiwa vya Faroe, Juni 2007, yote mawili katika ushindi wa 2-1. Kwenye fainali zenyewe, mashindano manne makubwa aliyokwenda, mabao ni matatu: mawili Euro 2000 dhidi ya Uturuki (penalti) na Romania, moja lile la Hamburg. Vieri, kwa Kombe la Dunia peke yake, mwaka 1998 na 2002, alifunga tisa. Anayesema Inzaghi alikuwa mtu wa mechi kubwa anatakiwa aongeze: za klabu.

Kwa klabu, lakini, orodha inatisha. Matatu ugenini Kyiv mwaka 1998 katika robo fainali, matatu ugenini Hamburg mwaka 2000 katika sare ya 4-4, matatu ugenini La Coruña mwaka 2002. Mawili katika dakika 11 za kwanza dhidi ya Manchester United, Turin, Aprili 1999. La kwanza akiwahi mbele ya Gary Neville mlingoti wa mbali, la pili likimgonga Jaap Stam na kupaa juu ya kipa Peter Schmeichel. United wakarudisha yote na kushinda 3-2, kwa hiyo mabao hayo hayakumbukwi sana. Robo fainali ya 2003 na Ajax, dakika za nyongeza, yeye ndiye aliyeuinua mpira juu ya kipa ambao Jon Dahl Tomasson aliugusa mstarini kufanya 3-2. Bao likaandikwa kwa Tomasson. Desemba 2007, Yokohama, mawili dhidi ya Boca Juniors katika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia.

Ukiniuliza uamuzi: kocha anayepanga kikosi cha mechi 38, mwenye nafasi moja tu ya mshambuliaji, angefanya vizuri kumchukua Vieri au Gabriel Batistuta kabla yake. Kocha mwenye mechi moja, mpinzani anayepanda juu na kiungo wa kupiga pasi ya mwisho, asifikiri mara mbili. Carlo Ancelotti, kocha wa Milan wakati ule, alikuwa na mfumo wa 4-3-2-1 wenye mshambuliaji mmoja na wachezeshaji wawili mgongoni pake, na Athens alichagua mtu mwenye mabao mawili ya ligi. Si mapenzi ya kizamani yaliyomwongoza. Liverpool ya Benítez ilikaba kwa mstari wa juu, na mstari wa juu ndio chakula chake.

Mashine ingemfanya nini?

Swali hili linaulizwa kila wiki tangu VAR, yaani usaidizi wa video kwa mwamuzi, iingie Serie A msimu wa 2017–18, na kwa kawaida hujibiwa kwa kejeli: angefungia viatu kabatini. Si rahisi hivyo.

Kuna mabao ambayo yangefutwa bila mjadala. Tarehe 3 Novemba 2010, San Siro, Milan na Real Madrid. Inzaghi, miaka 37, anaingia kipindi cha pili Milan wakiwa nyuma kwa bao la Gonzalo Higuaín. Dakika ya 68 anamalizia kwa kichwa mpira wa Zlatan Ibrahimović ambao Iker Casillas hakuudaka. Dakika ya 78 Gennaro Gattuso anapiga pasi ndefu, Inzaghi anapokea akiwa ameotea waziwazi, si kwa kidole, kwa hatua, anampitishia Casillas chini. Bao la 70 la Ulaya, lile la kihistoria, ndilo lenye kasoro kuliko yote. Pedro León akasawazisha dakika za nyongeza, 2-2. Wiki moja baadaye, dhidi ya Palermo, goti likakatika, na mabao yake ya Ulaya yakaishia hapo.

La Athens la mpira wa adhabu lina utata wa aina yake. Tangu 2019 bao linaloingia moja kwa moja kutoka mkononi mwa mfungaji halihesabiwi, hata mkono ukiwa haukukusudia. Mwaka 2020 ikafafanuliwa kwamba mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Bega si mkono. Sasa rudisha picha ya dakika ya 45. Mpira unamgonga palepale kwenye mpaka. Leo mchezo ungesimama kwa dakika tatu, halafu nusu ya dunia isingekubaliana na jibu.

Kwa upande mwingine kuna mabao yaliyokufa kwa kibendera cha makosa, nayo hayamo kwenye orodha yoyote kwa sababu filimbi ilipigwa kabla mpira haujaingia. Mshika kibendera aliyempima mtu anayekwenda kasi kinyume cha beki huelekea kumwona mbele zaidi ya alipokuwa. Na mchezaji mwenye sifa ya kuotea huinuliwa kibendera kwa sifa hiyo. Leo wasaidizi huelekezwa wasubiri, wacha shambulio liishe, halafu mashine iamue. Beki aliyezoea kuinua mkono na kusimama hana tena msaada. Kwa mkimbiaji wa aina ya Inzaghi hiyo ni zawadi.

Anachopoteza ni ile shaka iliyomnufaisha. Mstari unaochorwa kwa kompyuta haujui huruma; ncha ya kiatu ikizidi, imezidi. Angelazimika kuanza mbio akiwa nusu mita nyuma zaidi, na nusu mita kwa mtu ambaye kasi yake haikuwa ya kutisha ndiyo tofauti ya kumfikia kipa kabla beki hajamfikia yeye. Kuna jambo jingine dogo ambalo halisemwi: kibendera kikichelewa, kila mbio lazima zikimbiwe hadi mwisho. Zamani akiotea alisimamishwa baada ya mita 10 akarudi akitembea. Sasa angekimbia 40, mara tano au sita kwa mechi, bure. Mwili wa miaka 35, uliofunga mabao 13 ya ligi msimu wa 2008–09 kwa kuchagua mbio zake kwa uchoyo uleule, ungeilipia gharama hiyo.

Kigumu kwake leo kingekuwa kazi bila mpira, zaidi ya mashine. Namba tisa wa sasa hutakiwa awe mlinzi wa kwanza, aanze kukaba kipa akiwa na mpira, afunge njia ya pasi kwa kiungo. Erling Haaland amethibitisha kwamba bado unaweza kugusa mpira mara chache na kuwa wa thamani, lakini Haaland ana mwili wa kubebana na mabeki na kasi ya kuwaacha. Inzaghi angetumia akili tu. Akili ilimtosha kufika miaka 38 uwanjani, pamoja na nidhamu ya chakula ambayo wenzake waliitania, tambi zisizo na mchuzi na vipande vya nyama kavu ya ng'ombe, siku nenda siku rudi. (Kama kocha ameshapandisha Benevento mwaka 2020 na Pisa mwaka 2025 hadi Serie A, ila hiyo ni kesi nyingine yenye mashahidi wengine.)

Shtaka la mwisho, kwamba mguu wake haukujua mpira, lina jibu moja linalofaa kutazamwa taratibu. Tarehe 13 Mei 2012, San Siro, mechi yake ya mwisho Milan, siku ambayo Nesta, Gattuso na Zambrotta nao waliaga. Novara wanatoshana nao 1-1. Anaingia dakika ya 67. Dakika ya 82 Clarence Seedorf anauinua mpira juu ya mstari wa beki. Inzaghi yuko sawa kisheria, amepinda mbio kama kawaida, lakini safari hii mpira unakuja hewani na hakuna kipa wa kuzunguka wala mwamba wa kungoja. Anautuliza kwa kifua, anauacha ushuke, anaupiga kabla haujagusa nyasi. 2-1. Novara walikuwa wameshashuka daraja na mabeki wao hawakuwa na haraka na lolote, hilo lazima lisemwe. Kifua na shuti vilikuwa vyake.